Unga Bila Sufuria

Wifi yangu wa Mulongwe, mjini Uvira, si mtu wa kupiga simu alfajiri. Salio lake analitunza kama mafuta ya mawese ya mwisho wa mwezi. Kwa hiyo simu ilipolia Ijumaa ile, tarehe 17 Aprili 2020, jua halijatoka bado upande wa Burundi, niliketi kwanza kabla ya kuitika. Hakusema hata jambo.

"Wifi, mawe yako kitandani."

"Mawe gani?"

"Ya mlimani. Mto umeingia ndani. Sisi tuko juu ya ukuta wa jirani, na mtoto wa wapangaji hatujamuona."

Simu ikakatika.

Sisi watu wa bonde la Ruzizi, huku Kongo, kimbunga tunakisikia redioni tu. Machi 2019 tulisikia jinsi Idai ilivyoivamia Beira, ikaendelea hadi Zimbabwe na Malawi, na watu zaidi ya 1,000 wakafa katika nchi hizo. Mchungaji alituomba tuwaombee wenzetu, tukaomba, tukarudi mashambani tukishukuru kwamba bahari iko mbali. Hatukukumbuka kwamba Uvira ina bahari yake, nayo iko juu. Mji umebanwa kati ya milima ya Mitumba na Ziwa Tanganyika, kama mtu aliyelala kwenye ubao mwembamba, ukuta upande huu na maji upande ule. Mito inayoukata ni mifupi na mikali: Kavimvira, Mulongwe, Kalimabenge. Wakati wa kiangazi watoto wanachota mchanga humo na wamama wanaanika nguo juu ya mawe. Lakini miteremko ya juu imekwisha kulimwa na miti yake imekwisha kuwa makala, na mvua ya usiku mmoja ikianguka huko haina cha kuishika. Inashuka na udongo, inashuka na magogo, inashuka na mawe makubwa kama mbuzi. Usiku wa tarehe 16 kuamkia 17 Aprili ilishuka hivyo. Walikufa watu zaidi ya 40, na makumi ya maelfu wakabaki bila mahali pa kulala.

Mimi nilikuwa mwandishi wa chama cha wamama katika kanisa letu la Mutarule. Kazi yenyewe ni daftari moja na kalamu inayopotea. Na sharti niseme mapema, Mutarule hatukuzoea kupeleka misaada. Tulizoea kupelekewa.

Tarehe 6 Juni 2014, usiku, watu wenye silaha waliingia kijijini kwetu. Walikufa zaidi ya 30, wengi wao wakiwa katika ibada iliyokuwa ikifanyika nje, na wamama na watoto walikuwa wengi kati yao. Mimi sikuwepo. Nilikuwa Luberizi nikimuuguza mama mkwe. Jambo hilo nimekwisha kulijibu mbele ya Mungu mara nyingi, sitalijibu tena hapa. Wala siuandiki usiku ule. Wenye haki ya kuuandika wapo. Nataka kuandika juu ya majuma yaliyofuata, tulipokuwa watu wa kupewa.

Waliotufikia kwanza hawakuwa na gari. Walikuwa wamama wa makanisa ya Luberizi na Sange, na mabeseni kichwani yamefunikwa kwa kitenge. Ndani mlikuwa na bugali iliyopikwa, ingali moto, na sombe. Hawakuuliza jina la mtu wala kanisa la mtu. Waliweka beseni chini, wakanawisha watoto mikono, wakaketi nasi. Mmoja wao, simjui mpaka leo, alinikalia ubavuni karibu saa nzima bila kusema neno, kisha akachukua beseni lake akaenda. Tulilala katika kanisa lao na katika madarasa ya shule, mabenchi yamesukumwa ukutani.

Siku kadhaa baadaye zikafika gari. Sitataja zilikuwa za nani. Walikuja kwa moyo mwema na wengi wao walikuwa wamechoka kuliko sisi. Walituletea maharage. Maharage makavu, mazuri, mekundu. Kila familia kilo zake. Tukayatazama. Sufuria zetu zilikuwa Mutarule, na Mutarule hakuna aliyethubutu kurudi. Kuni hatukuwa nazo, na maharage yale yalihitaji moto wa nusu siku. Tulifanya nini? Tuliuza. Tulikwenda soko la Sange tukauza sehemu kwa bei ya kutupa ili tununue sufuria na makala ya kupikia sehemu iliyobaki. Siku ya tatu akaja bwana mmoja na koti la mifuko mingi, akasimama mbele yetu akasema amesikia watu wa Mutarule wanauza msaada, na kwamba watu wenye njaa ya kweli hawauzi chakula. Hakuna aliyemjibu. Mama mmoja alikohoa tu.

Kulikuwa pia na robota la nguo. Robota hilo lilifunguliwa uwanjani, nguo zikagawanywa kwa kuitwa majina, kila mtu apokee alichopangiwa. Bibi mmoja, mjane wa miaka mingi, alipata koti la baridi. Koti la sufu, jeusi, lenye vifungo vikubwa kama biskuti, la kumfikia mtu mrefu kifundoni. Katika bonde la Ruzizi, mahali ambapo mchana mbwa mwenyewe anatafuta kivuli! Watu walicheka, na kicheko hicho kilikuwa cha kwanza tangu msiba, kwa hiyo siwezi kusema koti lile halikuwa na faida. Bibi alilikunja akaondoka nalo. Siku hiyo hiyo wajane watano wa kwanza walipangwa mstari kupigwa picha na vipande vya sabuni. Mmoja alishikishwa sabuni mara tatu, maana simu ya mpiga picha ilikuwa inagoma. Mara ya tatu alikuwa ameishikilia kwa nguvu hadi vidole vyake vimeacha alama ndani.

Nilijiambia wakati ule: Mungu akinipa siku moja na mimi ya kupeleka kitu, sitamfanyia mtu hivi.

Ndipo ikafika ile Ijumaa ya 2020.

Kanisa lilikuwa limefungwa. Tangu Machi serikali ilikuwa imezuia ibada na mikusanyiko ya watu zaidi ya 20, kwa sababu ya korona. Pasaka yenyewe, iliyoangukia tarehe 12 Aprili, tuliifanyia nyumbani, kila mtu na watoto wake. Kwa hiyo hatukuweza kufanya kama ilivyo desturi, yaani kutangaza Jumapili, kuweka beseni mbele ya madhabahu na kupita mmoja mmoja huku kwaya inaimba. Mchungaji alituita watu sita chini ya mwembe wake, akasema tuzunguke nyumba kwa nyumba.

Nilifikiri tutapata kidogo. Watu hutoa wakionwa, hilo kila mweka hazina wa kanisa analijua hata kama halisemi. Ikawa kinyume. Mlangoni pake, bila kwaya na bila jirani kutazama, mtu alikuwa anaingia ndani, anakaa, unamsikia anasukuma vyungu, kisha anatoka na kitu. Wengine walileta unga wa muhogo, wengine mahindi ya mbegu, ambayo nilitaka kuyakataa na mwenyewe akaninyamazisha kwa jicho. Kijana mmoja ambaye kanisani hatujawahi kumuona akitoa hata faranga mia alitoa shuka yake ya kujifunika, imefuliwa, bado mbichi. Na wale ambao kila Jumapili bahasha zao tunazisoma kwa sauti? Sitasema. Baadhi yao walisema turudi kesho.

Kwa yule bibi nilifika jioni. Alikuwa ameketi kizingitini, kama aliyekuwa akingojea. Akaingia ndani akatoka na koti.

Nililijua hata kabla halijafunuliwa. Vifungo vya biskuti viwili vilikuwa vimekwenda, mgongo umechakaa ukawa wa kijivu.

"Bibi," nikamwambia, "hili la nini? Uvira kuna joto kuliko hapa."

"Wewe unafikiri mimi nilikuwa navaa?" akasema. "Miaka sita nimelilalia. Wale si wanalala kwenye saruji?"

Nikaandika katika daftari: koti, moja.

Kazi ya kupima ilifanyika uani kwa mchungaji. Huku kwetu unga hupimwa kwa kopo la Guigoz, lile la maziwa ya watoto wachanga. Maziwa yenyewe wengi hatujawahi kuyanunua lakini makopo yake yamejaa kila soko. Mweka hazina wetu, mama mkali, mnyoofu, aliyewahi kulirudisha kanisani noti ya faranga mia tano aliyoiokota kwenye vumbi, alileta beseni lake la nyumbani. Lilikuwa la chuma lenye rangi nyeupe na maua mekundu, ukingo umebanduka mahali pamoja, na chini alikuwa amelitia alama ya msalaba kwa rangi ya kucha. Ndani yake ndiko tulikomimina unga wote kabla ya kuutia kwenye magunia. Alileta pia rula ya mtoto wake wa shule.

Alijaza kopo, akapitisha rula juu, unga wa ziada ukarudi kwenye beseni. "Hivi ndivyo tutakavyowapa kule," akasema. "Kila mtu sawa. Asitokee mtu kusema huyu kapendelewa."

Mama mwingine, muuza ndagala, akacheka. "Yaya, mimi sokoni hata adui yangu namwekea mlima. Kopo lisilo na mlima ni tusi."

Walibishana karibu nusu saa. Unaweza kuona ni jambo dogo, lakini mtu aliyelelewa sokoni anajua kwamba ule mlima wa juu, ule ambao muuzaji anauongeza kwa kiganja hadi unaanza kumwagika, ndio salamu. Kilicho ndani ya kopo umelipia. Na mweka hazina naye alikuwa na haki. Mwaka 2014 tulishuhudia ndugu wa mgawaji wakiondoka na vipimo vinavyofura. Waliniuliza mimi mwenye daftari. Nikachagua rula. Nilipenda namba ziwe sawa.

Jumanne tulipata Fuso iliyokuwa ikiteremka na mchele. Dereva alitubeba bila malipo, mimi, mweka hazina na mzee mmoja wa kanisa, tukiwa juu ya magunia, na beseni limefungwa kwa kamba lisiruke. Luberizi, Sange, Runingu, Kiliba. Sange tulipita kimya, kama kawaida. Tarehe 2 Julai 2010 lori la mafuta lilianguka pale, watu wakasogea kuchota, wengine walikuwa kwenye vibanda wakitazama mpira wa Kombe la Dunia, moto ukalipuka, na zaidi ya 200 wakafa. Mzee wa kanisa alivua kofia. Bonde hili, ukilipita polepole, unavua kofia mara nyingi.

Kule Uvira sikuutambua mtaa wa wifi yangu. Barabara ilikuwa mto, na mto ulikuwa uwanja wa mawe. Mlango wa friji ulikuwa juu ya mti. Mtoto wa wapangaji alikuwa amepatikana Jumamosi, na walikwisha kumzika.

Kanisa la wenzetu, lile ambalo serikali ilikuwa imelifunga lisiwe na watu zaidi ya 20, lilikuwa na watu ambao sikuweza kuwahesabu. Hakuna aliyekuwa akiimba. Chini ya mimbari kulikuwa na mama aliyejifungua siku mbili nyuma. Mabenchi yalikuwa nje kwenye jua, na juu yake zimeanikwa karatasi: vyeti vya kuzaliwa, vyeti vya shule, kadi za uchaguzi, kila karatasi na kijiwe chake juu isipeperuke. Sijawahi kuona mabenchi ya kanisa yakishikilia vitu kwa upole namna ile.

Tukashusha magunia. Mchungaji wa pale akaomba. Tukafungua la kwanza, mweka hazina akatoa kopo na rula, watu wakapanga mstari. Wa kwanza alikuwa mama wa makamo, kitenge chake kimekauka tope hadi kimekuwa kigumu kama ngozi. Akakinga upindo wa kitenge, nikaona hana chombo. Wa pili vilevile. Wa tatu akauliza, kwa adabu kabisa:

"Aksanti, mama. Tutapikia nini?"

Nilisimama na kalamu yangu. Nilihisi damu inapanda usoni. Sufuria. Sikuleta hata sufuria moja. Makala sikuleta. Na maji! Mto ulikuwa umeharibu mitambo ya maji ya Regideso, mabomba ya mji yalikuwa makavu, watu walikuwa wanachota ziwani na kwenye mto uleule uliowaua, na Uvira ni mji unaokijua kipindupindu kwa jina na kwa sura tangu miaka mingi. Mimi niliyeuza maharage Sange, mimi niliyemchukia yule bwana wa mifuko mingi kwa miaka sita, nilikuwa nimepakia magunia ya chakula kikavu na kuja nayo kwa watu wasio na sufuria, wasio na moto, wasio na maji ya kunywa. Na kama wangeuza kile kikopo jioni ile wanunue makala, ningekuwa na neno gani?

Miaka sita tu, na mtu anasahau. Nimelifikiria jambo hili mara nyingi na sababu ninayoiona ni moja. Nilipokuwa napokea nilikuwa natazama kutoka chini, nilikuwa naona sufuria isiyokuwepo. Nilipoanza kutoa nikawa natazama magunia yangu. Magunia yanapendeza kutazama. Unayahesabu, yanajaa, unawaza jinsi watakavyofurahi.

Mzee wa kanisa hakusema neno. Alitoa simu, akampigia yule dereva wa Fuso, ambaye alikuwa bado sokoni Mulongwe akishusha mchele, na kabla ya jua kuzama tukawa na sufuria kumi na moja za kuazima, kubwa, za kupikia harusi, na magunia mawili ya makala ya deni. Deni hilo tulilimaliza Agosti. Maji yalichemshwa usiku kucha. Wamama wa pale na sisi tukapika pamoja, na hiyo ndiyo bugali pekee ya safari ile ninayoikumbuka kwa furaha. Tulikuwa tumefanya, kwa kuchelewa, kile walichotufanyia wamama wa Luberizi siku ya kwanza bila kufundishwa na mtu.

Aibu ya pili ilikuja kesho yake, nayo ilitoka katika daftari langu.

Nilikuwa nimepewa orodha. Mchungaji wa pale alikuwa ameitoa katika kitabu cha washirika, na mimi niliiandika upya kwa mwandiko mzuri, nimechora mistari kwa rula ileile. Jina, idadi ya watoto, sahihi. Kumbuka kwamba makanisa yetu ya Kiprotestanti nchini Kongo yana namba kama mabasi, ya tatu, ya tano, ya nane, na kila namba ilikuwa inaandika wa kwake. Wakatoliki wana jumuiya zao na Caritas yao. Hilo lina uzuri wake. Kabla gari la msaada halijafika wala mkutano haujaitishwa, kila kanisa lilikwisha kujua nani yuko wapi, nani mjamzito, nani haoni. Hakuna shirika la mbali linaloweza kujua hivyo kwa siku tatu. Lakini kitabu cha washirika kinamjua mshirika tu. Na kinamjua kwa parseli yake.

Parseli moja ya Mulongwe inaweza kuwa na nyumba tatu na familia tano. Mwenye parseli yumo kitabuni, anatoa zaka, alibatizwa palepale ziwani. Wapangaji walikuja mwaka uliotangulia kutoka Fizi au Minembwe wakikimbia vita. Hawana kitabu chochote. Mto ulipopita ulichukua nyumba ya mwenye parseli na ulichukua kila kitu cha mpangaji. Katika daftari langu mwenye parseli alipata vipimo vya watoto wake wote. Wazazi wa yule mtoto aliyezikwa Jumamosi hawakuwamo kabisa. Wifi yangu ndiye aliyenionyesha. Alisema polepole, maana ni mtu wa heshima: "Wifi, hapa umeniandika mimi. Mimi nina ukuta mmoja umebaki."

Basi nikiwa bado naona haya, akaja mama mmoja wa Kiislamu, jirani wa kanisa, kichwani ana beseni la plastiki tupu. Uvira ina Waislamu tangu misafara ya karne ya 19, msikiti na kanisa ni majirani wa siku nyingi. Yule mama nyumba yake iko mahali palipoinuka kidogo, maji yalifika mlangoni yakageuka. Tangu Ijumaa alikuwa amelaza watu wanane uani kwake, wote wa kanisa letu, akiwalisha kwa unga aliokuwa amejiwekea. Ramadhani ilikuwa inakuja mwisho wa juma lile. Wale wanane walikuwa wamepewa vipimo vyao asubuhi. Yeye jina lake halikuwepo, wala lingetokea wapi?

Hakuja kuomba, au ndivyo alivyolisema. "Nimekuja kuuliza tu," akasema. "Siku tano tumekula sahani moja. Leo mmewaita mkawapimia pembeni. Wamerudi na unga wao, hawajui wauweke wapi, wananiangalia mimi. Sasa jioni tunapika vyungu viwili?"

Mweka hazina aliweka kopo chini. Mimi nilikunja daftari. Kuna maswali ambayo ukiyajibu unajiongezea aibu, kwa hiyo tulimketisha, tukamwita mkubwa wa avenyu, tukaomba mtu wa msikitini aje na mtu wa parokia aje, na orodha ikaanza upya. Tulikwenda parseli kwa parseli kwa miguu, tukiuliza swali moja tu mlangoni, au mahali palipokuwa na mlango: usiku wa Alhamisi nani alikuwa analala hapa? Tulimaliza usiku. Orodha hiyo ilikuwa na watu karibu mara mbili ya ile ya kwanza, na unga ulikuwa uleule.

Siku hiyo ya pili pia ndipo rula ilipoondoka. Kijana mmoja kwenye mstari alimtazama mweka hazina anavyokata mlima wa unga na kuurudisha, akasema, si kwa ubaya, "Mama, mnapima kama mnauza. Hata wauzaji wanaongeza." Watu wakacheka. Mweka hazina aliitazama rula, akaitia kwenye mkoba, akaanza kujaza kopo kwa kiganja, mlima juu ya mlima. Ningependa kusema mambo yakawa mazuri tangu hapo. Unga uliisha wakiwa wamebaki watu kumi na mmoja. Niliwahesabu, nina majina yao. Walirudi walikotoka na vyombo vyao. Ule mlima tuliowapa wa mbele ulikuwa chakula cha wa nyuma, na mpaka leo sijui kwa hakika ningechagua lipi.

Koti lilikwenda. Nililiona asubuhi juu ya magunia matupu, mchana halikuwepo. Katika daftari nimeandika tu: limetoka.

Mwaka 2024 ziwa nalo lilipanda. Maji yalikuja safari hii polepole, bila kishindo, yakala nyumba za ufukweni Uvira na ng'ambo Bujumbura, siku baada ya siku, kama mgeni anayesogeza kiti. Tulikusanya tena. Daftari langu la sasa lina safu ambazo zamani hazikuwemo: sufuria, moto, maji, nani analala hapa. Safu ya "kanisa" niliifuta kwa wino, na mzee mmoja alikasirika akasema tunapeleka sadaka ya Bwana kwa watu wasiojulikana. Nilimjibu kwamba tunawajua, nikamsomea majina. Hajaridhika. Ni haki yake.

Na kuna jambo la beseni. Beseni la mweka hazina, lile lenye maua mekundu, lilibaki Uvira mwaka ule wa 2020. Tuliliacha kwa yule mama wa Kiislamu, tukasema tutalichukua safari ijayo. Safari ijayo alikuwa amemwazima mtu, na yule mtu alikuwa amehamia Kavimvira. Nimemtuma wifi yangu mara mbili. Nimejitolea kununua lingine, la plastiki, kubwa kuliko lile. Mweka hazina amekataa. Anasema hataki la plastiki. Kila Jumapili baada ya ibada, tukiisha kuhesabu sadaka na kufunga mfuko, ananitazama juu ya miwani yake:

"Mwandishi. Beseni langu?"

"Linatumika, yaya."

"Najua linatumika. Nimeuliza liko wapi."

Nafungua daftari, natafuta ukurasa wa Aprili, namsomea: beseni, moja, lina msalaba chini. Anaitikia kwa kichwa, anachukua Biblia yake, anatoka. Jumapili inayofuata anauliza tena.